Siku Basibaa Ilipopiga Shoti

Mpendwa Baba Kulwa,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, yangu nitaieleza. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, na nyumba ya Geita haijavuja tena tangu tulipobadilisha bati za upande wa jikoni. Kilichonikalisha chini kuandika ni kwamba basibaa imepiga shoti kituoni, mchana kweupe, mimi nikiwa pale yadi. Nimeulizwa habari hiyo na wengi: wakubwa wa kazi, watu wa usalama, majirani, hata padri baada ya misa. Wote nimewajibu. Lakini kila nikimaliza kueleza naona kuna mtu mmoja ambaye bado sijamweleza, na ndiye pekee ambaye nisingehitaji kumfafanulia basibaa ni kitu gani.

Wengine watakaoisoma barua hii watahitaji kufafanuliwa. Nivumilie kidogo.

Unakumbuka ulivyomweleza mama yako kule Samuye, mara ya kwanza uliponipeleka kwenu? Alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mtama, akauliza kwa Kisukuma sisi wawili tunafanya kazi gani hasa, maana kila aliyemuuliza alimjibu "umeme" kisha akanyamaza. Ukaokota kijiti ukachora chini. Ukamwambia, "Mayu, katikati ya kituo kuna mabomba marefu ya alumini, yamelala juu ya vikombe vya kaure. Ndiyo basibaa. Jenereta zote zinaleta umeme pale, na laini zote za kwenda mgodini zinachukua umeme pale. Sasa wewe chukulia ni zizi lenye milango mingi. Kila mlango umeweka mtu wa kuhesabu. Ng'ombe walioingia kwa milango hii lazima walingane na waliotoka kwa milango ile, kwa sababu katika zizi hilo ng'ombe hawalali. Hesabu isipolingana, ujue kuna mwizi ndani. Unafunga milango yote kwa pamoja kabla hajapumua."

Mama akaacha kupepeta, akafikiri. "Na ndama akizaliwa humo ndani?"

"Umeme hauzai, mayu."

"Basi hiyo si mali," akasema, akaendelea na mtama wake.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilikuwa mgeni, nikajizuia, lakini usiku ule nilipolala na dada yako Milembe chumba kimoja nilicheka peke yangu, naye akaniuliza nacheka nini, tukacheka wote. Nataka hilo likumbukwe pia. Kabla ya mengine yote, mimi na Milembe tuliwahi kucheka pamoja.

Hao wahesabuji ndio sitii, zile koili zinazovishwa kwenye kila laini. Kutoka kwa kila sitii kuna nyaya nyembamba zinazopita kwenye mitaro mpaka chumba cha kuongozea mitambo, zinaingia kwenye kisanduku kinachoitwa rilei. Rilei ndiyo inayojumlisha. Walioingia na waliotoka wakilingana, inakaa kimya miaka na miaka. Wasipolingana, inaziamuru breka zote, zile swichi kubwa za kila laini, zifunguke na kukata umeme, kituo kinazima, na moto hauna tena pa kutoka.

Nyaya hizo ndizo zilizotukutanisha. Mimi nilikuwa nimetoka Ushirombo na cheti changu kipya, mwanamke peke yangu kwenye kundi la mafundi, na mkandarasi hakujua aniweke wapi. Akanipa wewe. Tulikaa wiki nyingi mbele ya paneli moja, wewe unasoma mchoro, mimi namenya ncha za waya, navisha lebo, nafunga kwenye tamino, vile vishikizo vya ncha za waya. Na wewe kila waya niliofunga unauvuta. Nafunga, unavuta. Nafunga, unavuta. Mwisho nikaweka bisibisi chini.

"Huniamini?"

"Wewe nakuamini," ukasema. "Waya ndio siujui."

Ulikuwa hutanii. Hata uliokuwa umefunga mwenyewe uliuvuta. Mchana tulikaa kwenye kivuli cha kontena tukala michembe, vile viazi vikavu, na karanga ulizoletewa kutoka nyumbani, na sikumbuki ni lini hasa tulianza kuongea mambo mengine zaidi ya nyaya. Nakumbuka tu kwamba paneli ilipokamilika nilihuzunika, na huzuni ile ilinishangaza, maana kazi ilikuwa imekwisha salama.

Nayaruka mengi. Harusi Ushirombo, Kulwa na Doto kuzaliwa, ajira ya kudumu kituoni, wewe ukiwa mkuu wa kitengo cha ulinzi wa mitambo na mimi fundi chini yako, na watu wakiuliza nyumbani nani mkuu. Nayaruka kwa sababu yalikuwa mema, na mema hayana maelezo marefu. Nakwenda kwenye figo.

Ulipoanza kuvimba miguu ulisema ni viatu vya kazi. Nikakununulia vingine, miguu ikavimba na hivyo. Hospitali ya Geita wakatutuma Mwanza, na Mwanza wakatuambia ukweli. Ukaanza kuchujwa damu. Kwa muda mrefu ulikuwa unakwenda unarudi, unatoka wodini unaingia kazini, mpaka mwili ukakataa safari. Hapo ndipo ulipolazwa moja kwa moja, na mimi nikachukua likizo, na Milembe akaja kutoka Samuye kunisaidia kukuuguza. Alimwachia mumewe shamba la pamba katikati ya palizi akaja. Sikulisahau hilo hata wakati ambapo hatukuwa tunaongea.

Wakati huohuo kituoni walikuwa wameongeza jenereta mpya. Mlango mpya kwenye zizi, na mhesabuji mpya mlangoni. Tulijua inakuja, uliisoma michoro yake kitandani mpaka muuguzi akakunyang'anya. Kisha ile simu ikapigwa. Alikuwa mhandisi Magesa, meneja wa kituo. Nilipokelea kwenye veranda ya wodi.

"Mama Kulwa, pole na mgonjwa. Nisikilize. Kila tukiipakia mzigo mashine mpya, rilei ya basibaa inalalamika. Mkandarasi anasema ni nyeti mno. Tumeizima kwa muda."

"Mmeizima, na watu wako yadi?"

"Kwa muda tu. Mgodi unataka umeme."

"Tofauti inayoonyesha ni kiasi gani?"

Akauliza mtu pembeni, akarudi. "Kama mara mbili ya mashine mpya."

Nilirudi ndani. Ulikuwa umenisikia nusu. Ukaniuliza nani, nikakwambia. Ukaniuliza tofauti, nikakwambia. Ukafumba macho, nikadhani umelala.

"Basi unajua," ukasema.

"Najua. Sitii mpya imegeuka. Anayeingia anamhesabu katoka."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Nakuuliza niende au nikae."

Milembe alikuwa dirishani anakausha kikombe. Akageuka. "Kaka, kwani mafundi wameisha duniani?"

"Hawajaisha," ukamjibu. "Wataletwa kutoka Dar, baada ya wiki mbili, tatu. Na wiki hizo watu wanapita chini ya basibaa wanafagia, wanapaka rangi." Ukapumzika kidogo, maana hata sentensi ilikuwa mzigo. Kisha ukanigeukia. "Nenda. Kesho urudi."

Nilikuwekea maji karibu, nikamwelekeza Milembe dawa za jioni, nikaenda. Sitasema nilikwenda kwa moyo mzito au mwepesi. Nilikwenda nikifikiria kisanduku cha tamino cha mashine mpya na upande wake unaofunguka. Nikiwa na kazi mbele, kichwa changu hufanya hivyo. Wewe ulilijua hilo. Milembe hakulijua.

Nilichokikuta nilikueleza kwa ufupi, leo nakieleza vizuri. Mafundi walioifunga sitii ya mashine mpya waliona kitako chake hakikai upande ule ulioonyeshwa kwenye mchoro, kwa sababu nguzo ilikuwa karibu mno. Wakaigeuza, ikakaa. Hakuna uvivu hapo, hata mimi ningeigeuza. Ila hakuna aliyekwenda kumwambia aliyekuwa anafunga nyaya, naye akazifunga kama mchoro ulivyosema. Kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, na pamoja wakatengeneza kosa.

Magesa alinipokea getini. Si mtu mbaya yule. Alisema, "Geuza nyaya mbili tu, tuwashe, uondoke. Mgonjwa anakusubiri." Ilikuwa huruma, na ilikuwa pia kunisonga, maana kila dakika mashine imesimama mgodi ulikuwa unapiga simu.

"Nitazigeuza," nikamwambia. "Kisha nitapima laini zote, si hii peke yake."

"Zote za nini? Zile za zamani mlizifunga wenyewe."

"Zimefunguliwa zilipounganishwa na mpya. Aliyezifunga mara ya mwisho simjui."

Tulibishana pale juani, mafundi wakitutazama. Nilimwambia kama hataki, aniandikie kwa mkono wake kwamba nimekatazwa, nami niende kituo cha basi. Akatazama simu yake inayoita, akaitia mfukoni. "Pima," akasema.

Nikazigeuza zile mbili. Kisha nikaanza laini moja baada ya nyingine, napima kwa mita, navuta waya. Kwenye fida ya pili, laini inayopeleka umeme mgodini, mita ilionyesha vizuri kabisa. Nikavuta waya, ukatoka. Ulikuwa umegusa tu tamino bila kubanwa. Ungekaa hivyo siku kadhaa, labda miezi, halafu mtikisiko wa mashine ungeuangusha. Siku hiyo rilei ingezima kituo bure, na watu wangeizima tena, safari hii moja kwa moja. Nilisimama na ule waya mkononi nikatamani kukupigia simu. Lakini ulikuwa kwenye kuchujwa damu.

Nilipomaliza na tukawasha, nikasimama mbele ya rilei nikitazama namba. Walioingia, waliotoka. Tofauti, karibu sifuri. Tukaongeza mzigo kwenye mashine mpya, sifuri ikabaki sifuri. Nikageuza swichi ya ulinzi kuirudisha kazini. Jua lilikuwa limeshazama na magari ya Mwanza yalikuwa yameisha. Nikalala nyumbani, kwenye kitanda chetu, na viatu vya kazi miguuni.

Asubuhi niliwahi basi la kwanza, nikavuka Busisi kwa kivuko, nikafika wodini nikakuta umehamishwa chumba cha peke yako. Nilielewa kabla ya kuambiwa. Milembe alikuwa mlangoni na kitenge kichwani, macho yamevimba. Hakuitikia salamu yangu. Wewe ulikuwa macho.

"Zimelingana?" ukaniuliza.

"Zimelingana."

"Zote?"

"Zote. Moja ilikuwa imelegea. Nilipoivuta ikatoka."

Ukatabasamu. Ulikuwa na midomo mikavu, ikapasuka kidogo ulipotabasamu, nikaipaka mafuta. Baada ya hapo hukusema mengi. Ulimuulizia Doto kama amefanya mtihani, ukamwita Kulwa kwa jina la mama yako. Nilikuwepo mpaka mwisho, nimeshika mkono wako, na Milembe ameshika wa pili.

Tulikuzika Samuye. Watu walijaa, wa kituoni walikuja na basi zima. Siku tuliyomaliza matanga, wageni wakiwa wameshaondoka, nilikuwa nasugua masufuria na Milembe nyuma ya nyumba, akasema bila kuniangalia, "Usiku ule alikuita usiku kucha. Na wewe ulikuwa na nyaya zako."

Niliendelea kusugua sufuria lililokuwa limeshatakata. Tangu siku hiyo, mimi na wifi yangu tulikuwa tunasalimiana mbele za watu tu. Nikipiga simu Samuye anapokea mumewe. Nikituma sukari kwa mama yako, shukrani inakuja kwa mama peke yake. Na maneno yale nikawa nayo. Nikiwa kazini hayakuja. Yalikuja nikiwa nakunja nguo, nikiwa nasubiri maji yachemke. Alikuita usiku kucha. Nilijua kwamba ulinituma wewe mwenyewe. Lakini mtu anayemtuma mwenzake mchana anaweza kumhitaji usiku.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe.

Kiangazi cha safari hii kilikuwa kirefu. Vumbi la barabara ya mgodi lilivipaka vikombe vya basibaa mpaka vikawa rangi ya tofali. Tuliomba ruhusa ya kuzima tuvisafishe, tukaambiwa tusubiri. Kisha mvua ya kwanza ikaja, na haikuwa mvua, yalikuwa manyunyu tu. Wewe unajua manyunyu ni mabaya kuliko mvua kubwa. Mvua kubwa inaosha. Manyunyu yanageuza vumbi kuwa tope, na tope linapitisha umeme.

Baada ya chakula cha mchana nikasikia vikombe vinachacharika, sauti kama mafuta yanayotaka kuungua. Nikavaa kofia nikatoka. Kwenye yadi kulikuwa na akina mama wa kijiji cha nyuma ya uzio wanaokata nyasi. Wengi walishakimbilia kibandani kwa sababu ya manyunyu, lakini mmoja, Nyanzobe, alikuwa bado ameinama na fyekeo karibu na nguzo ya katikati. Wewe humfahamu, alianza kazi baada yako. Ni mwanamke mnene mcheshi ambaye kila asubuhi ananisalimu "Mwangaluka" kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Nikamwita. "Nyanzobe, toka hapo!"

"Namalizia hapa tu, Mama Kulwa."

"Toka sasa!"

Alinyanyuka, akanitazama usoni, akaacha fyekeo, akaanza kuja. Alikuwa hajafika mbali ndipo ikapiga. Kwanza mwanga mweupe usio na rangi nyingine ndani yake, kisha mlio nilioupokea kifuani kabla ya masikioni. Vipande vya kaure vikaanguka kwenye kokoto. Na kabla sijafumba macho sawasawa, breka zote zikafunguka, moja juu ya nyingine, kama milango inayobamizwa na mtu mmoja. Kisha kimya. Jenereta zote zilikuwa zimesimama. Hukuwahi kukisikia kituo kile kikiwa kimya hivyo, wala mimi sikuwahi. Nilisikia manyunyu yakigonga kofia yangu.

Nyanzobe alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

"Mama Kulwa, nimekufa?"

"Hujafa. Simama."

"Mbona sisikii kitu?"

"Mashine zimezima. Hata mimi sisikii."

Akajishika miguu, akajishika kifua, akakuta vyote vipo. Ndipo akaanza kulia, nami nikamkumbatia pale pale kwenye tope.

Tulipotazama juu, kikombe kimoja kilikuwa kimepasuka ubavu na bomba la alumini lina doa jeusi, upana wa sahani. Basi. Wewe umewahi kunionyesha picha za yadi nyingine ambako ulinzi wa basibaa ulikuwa umezimwa, moto ukaendelea mpaka breka za mbali zikachoka kusubiri. Mabomba yaliyeyuka yakadondoka kama nta, na vikombe viliruka vipande vipande kama mabomu. Chini ya basibaa ya namna hiyo Nyanzobe asingeuliza kama amekufa.

Magesa alikuja mbio, simu zote mbili mkononi, zote zinaita. Alitazama juu muda mrefu, akamtazama Nyanzobe aliyefunikwa koti langu, akaacha simu ziite.

"Mama Kulwa," akasema, "siku ile nilikusonga."

"Ulinisonga," nikamwambia. "Lakini uliniachia."

Mgodini walikaa gizani kidogo, majenereta yao ya dharura yakaendesha feni za chini, watu wote wakatoka salama.

Niliingia chumba cha paneli. Rilei ilikuwa imewasha taa yake nyekundu na imeandika ilichokifanya: tofauti imeonekana, breka zote zimefunguliwa. Ningependa kukwambia kwamba niliona mwandiko wako kwenye lebo nikalia. Lebo huchapwa kwa mashine, unajua, na hakuna kitu chako kwenye ile paneli isipokuwa jinsi nyaya zilivyolala, zimenyooka, zimepinda kona zote sawa. Nilizipitisha kidole. Kisha nikaizima taa nyekundu, nikaanza kazi ya kukirudisha kituo.

Kulwa, ambaye sasa ni muuguzi Kahama, alizisikia habari kabla sijampigia, naye akampigia shangazi yake. Jumamosi iliyofuata nilikuwa naanua nguo, nikasikia hodi. Alikuwa Milembe, na mfuko wa viazi vikavu kichwani, amebadilisha mabasi toka Samuye bila kumwambia mtu.

Nilimkaribisha. Tulikula. Alivua viatu, akakagua nyumba kwa macho kama wifi anavyokagua, akasema bati za jikoni ni nzuri. Kisha akaniuliza, "Huyo mwanamke aliyekuwa anakata nyasi. Ana watoto?"

"Anao. Wa mwisho bado ananyonya."

Mimi nikatoa vyombo. Niliporudi alikuwa amekaa vilevile.

"Wifi, nikwambie kitu. Kaka hakukuita usiku kucha."

Nilikaa.

"Alikuita mara moja. Nikamwambia nitakupigia simu urudi hata kwa gari la mizigo. Akanikatalia. Akasema, 'Usimsumbue, amalize. Atakuja.' Akalala. Aliyekuwa anakuita usiku kucha ni mimi. Niko peke yangu na kaka anapumua vile, wauguzi wanapita, sijui hata kengele ya kuwaita iko wapi. Nilikuita moyoni mpaka kumekucha. Nilipokuona mlangoni asubuhi, umeoga, umebeba mkoba, nikakuchukia."

Sikujua kama nilie au nimkasirikie. Miaka hii yote nilibeba wito ambao hukuuita. Hasira ilikuja kweli, Baba Kulwa, sitakuficha. Nilikwenda jikoni nikasimama mbele ya jiko lililozimwa. Kisha nikamwona, si kama alivyokaa sebuleni kwangu, ila kama alivyokuwa usiku ule, mwanamke wa shamba katika jengo la ghorofa mjini, ndugu yake anakufa na wifi yake hayupo. Mimi nilikuwa na kazi ya kushika. Wewe ulikuwa na usingizi. Yeye hakuwa na chochote.

Nikarudi nikakaa karibu naye. Nikamwambia pole, akaniambia pole. Alilala hapa siku mbili, chumba changu, na tuliongea mpaka sauti zikakauka. Jumapili nilimpeleka kanisani, akakutana na Nyanzobe mlangoni. Nyanzobe alipoambiwa huyu ni dada wa marehemu mume wangu, alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Wabeja, asante," na Milembe akamvuta wakakae benchi moja.

Vikombe tumevibadilisha, na sasa kiangazi tunazima na kuvisafisha bila kuomba mara mbili. Mama yako anaona kwa shida lakini anasikia kila kitu. Doto anasema hataki umeme, anataka kilimo, nami nimemwacha.

Baada ya mavuno tunakuja Samuye kukujengea kaburi. Milembe ndiye aliyeniita, mchanga na matofali ameshasogeza. Kuna ubishi kidogo wa maandishi. Yeye anataka liandikwe kaka yetu, watoto wanataka baba yetu, mama anataka jina lako la utotoni ambalo hakuna fundi wa mawe anayejua kuliandika. Wameniuliza mimi nataka nini. Nimewaambia waandike yao yote, na pakibaki nafasi, waniachie.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Kulwa